Alama za mbio za magari: kwa nini zinabadilishwa kila mara, na nani hunufaika

Elfyn Evans wa Wales alishinda Safari Rally kule Naivasha mwezi Machi 2025, akaondoka Kenya akiwa kileleni mwa msimamo wa ubingwa wa dunia wa mbio za magari, WRC. Mwishoni mwa Novemba, katika mashindano ya kufunga msimu nchini Saudi Arabia, ubingwa huo ulimponyoka kwa alama 4 tu. Aliyeuchukua ni Mfaransa Sébastien Ogier, alama 293 kwa 289.

Ogier hakufika Kenya mwaka huo. Kati ya mashindano 14 ya msimu mzima, alishiriki 11.

Kwa wasikilizaji wetu waliozoea hesabu za ligi ya soka, jambo hili linashangaza. Ni kama timu iliyokosa mechi tatu, ikapata sifuri katika zote tatu, kisha ikabeba kombe mbele ya timu iliyocheza mechi zote. Je, Evans alionewa? Ili kujibu swali hilo inabidi tuangalie namna alama zinavyogawiwa, na hapo kuna kisa kirefu, kwa sababu mgawo huo ulibadilishwa mwaka 2024 na ukabadilishwa tena mwaka 2025.

Alama ni kama bei ya maziwa

Mfugaji anayelipwa kwa lita hutafuta wingi. Siku kiwanda kikianza kulipa kwa kiasi cha mafuta yaliyomo, mfugaji huyo huyo mwenye ng'ombe wale wale anabadilisha malisho. Hakuna aliyemlazimisha, ni bei imebadilika.

Soka pia ilipitia hayo. Zamani ushindi ulikuwa na pointi 2 na sare pointi 1. Uingereza ilipandisha ushindi hadi pointi 3 mwaka 1981, na Kombe la Dunia likafuata mwaka 1994, ili timu ziache kuridhika na sare. Dereva wa mbio za magari naye anapiga hesabu kama hiyo kila kona: nikikanyaga mafuta hapa nitapata nini, na nikipinduka nitapoteza nini? Orodha ya alama ndiyo inayompa jibu.

Katika mbio za rally magari hayashindani bega kwa bega. Kila gari huachiwa peke yake katika mkondo, yaani kipande cha barabara kilichofungwa, na muda wake hupimwa. Mikondo inaanza Alhamisi au Ijumaa na kumalizika Jumapili. Mwenye jumla ndogo ya muda ndiye mshindi.

Hadi mwaka 2023 alama zilikuwa rahisi kueleza. Mshindi alipata 25, wa pili 18, wa tatu 15, na kuendelea kushuka hadi wa kumi aliyepata 1. Juu yake kulikuwa na alama za ziada 5, 4, 3, 2 na 1 kwa watano wenye kasi zaidi katika mkondo wa mwisho kabisa, unaoitwa Power Stage. Kwa Safari, mkondo huo ulikuwa Hell's Gate.

Tatizo lilikuwa Jumapili asubuhi. Dereva anayeongoza kwa dakika nzima hana sababu ya kuhatarisha gari lake, na dereva wa tano aliyeachwa mbali na wa nne, huku wa sita akiwa mbali nyuma yake, hana pa kwenda. Wote walikuwa wanatembea taratibu, wakitunza matairi kwa ajili ya mkondo wa mwisho. Safari ya 2022 na ile ya 2023 zote zilimalizika kwa magari ya Toyota kushika nafasi ya kwanza hadi ya nne. Mtu aliyeamka saa kumi alfajiri, akalipa nauli hadi Naivasha na kukaa kwenye vumbi Jumapili nzima, alikuwa anatazama magari yenye kasi kubwa yakiendeshwa kwa uangalifu kama yamebeba mayai.

Jaribio la 2024

Shirikisho la kimataifa la mbio za magari, FIA, likaamua kuikatakata zawadi. Kuanzia msimu wa 2024, alama kubwa zilihesabiwa Jumamosi jioni: aliyeongoza wakati huo alijiwekea 18, wa pili 15, wa tatu 13, na kuendelea hadi wa kumi. Sharti lilikuwa moja, lazima amalize mashindano Jumapili. Kisha Jumapili ikawa na hesabu yake peke yake, kana kwamba ni mashindano mapya: mwenye muda mdogo siku hiyo alipata 7, akifuatiwa na 6, 5, 4, 3, 2 na 1. Power Stage ikabaki na alama zake 5.

Ukijumlisha, kiwango cha juu kabisa kilibaki 30 kama zamani. Kwenye karatasi ilionekana hakuna kilichobadilika. Lakini hebu tufanye hesabu moja ambayo, kwa maoni yetu, inaeleza yote.

Chukua madereva wawili. Wa kwanza anaongoza hadi Jumamosi, Jumapili anachunga gari lake bila alama yoyote ya ziada, na anashinda. Wa pili aliharibikiwa Ijumaa akaanguka mkiani, lakini Jumapili anakuwa mwenye kasi kuliko wote. Kwa sheria za 2023, mshindi angepata 25 na yule wa mkiani 5. Tofauti ni 20. Kwa sheria za 2024, mshindi angepata 18 na yule wa mkiani 12. Tofauti ni 6.

Siku tatu za kupambana na mawe zikawa na faida ya alama 6 tu juu ya asubuhi moja ya kukimbia.

Hapa tuwakumbushe vijana jinsi Safari ilivyokuwa zamani. Mashindano hayo yalianza mwaka 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1963 magari 84 yalianza na 7 tu yakamaliza. Gari likifa, limekufa, dereva anatafuta lifti. Siku hizi gari lililovunjika Ijumaa linaweza kutengenezwa usiku na kurudi barabarani Jumamosi, likiwa limeongezewa muda wa adhabu. Dereva huyo hana tena la kupoteza. Matairi yake hayajachakaa kama ya wenzake, na kichwa chake hakina wasiwasi. Huyo ndiye alama za Jumapili zilimfurahisha zaidi.

Matokeo ya ajabu hayakuchelewa. Februari 2024, katika mashindano ya pili tu ya msimu, Esapekka Lappi wa Finland alishinda Rally ya Sweden. Alikuwa na pengo kubwa, hivyo Jumapili akaendesha kwa tahadhari kama dereva yeyote mwenye akili timamu. Alipata alama 19. Evans, aliyemaliza wa pili, alipata 24. Mshindi alipanda juu ya gari kushangilia, na aliyeshindwa akaondoka na alama nyingi zaidi.

Mwezi Juni huko Sardinia, Italia, ikawa hivi: Ogier aliongoza hadi Jumamosi jioni, akapata pancha katika mkondo wa mwisho, na Ott Tänak wa Estonia akamshinda kwa sekunde 0.2. Ni kama kupepesa jicho. Lakini katika hesabu ya Jumamosi Ogier alibaki na 18 zake na mshindi na 15. Tukio ambalo lingekumbukwa kwa miaka mingi liliishia kwenye maelezo ya nani ana alama za siku gani.

Sisi wa redio tuna kipimo chetu kwa mambo haya. Sheria ya mchezo inapaswa kuelezeka kwa sentensi moja kwa mtu anayepalilia mahindi huku simu ikiwa mfukoni. Ile ya 2024 haikuelezeka. Mtangazaji akisema "Lappi ameshinda", msikilizaji anataka kusikia kwamba Lappi amepata zaidi. Ukianza kumweleza kuhusu Jumamosi, Jumapili na masharti yake, ameshabadilisha stesheni.

Hata hivyo tusiseme jaribio lile halikufanya kazi. Jumapili zilichangamka kweli, kwa sababu bei ilikuwa imepanda. Thierry Neuville wa Ubelgiji aliielewa bei hiyo mapema: alishinda Monte Carlo, ya kwanza ya msimu, na kuzoa alama zote 30. Mwisho wa mwaka akawa bingwa wa dunia kwa mara ya kwanza, akiwa ameshinda mashindano 2 kati ya 13. Kalle Rovanperä alishinda 4, ikiwemo Safari, lakini mwaka huo aliamua kushiriki sehemu tu ya msimu na alama zake hazikutosha kumfikisha popote. Neuville alikuwa yule anayeokota kidogo kila siku, na 2024 ulikuwa mwaka wa waokotaji.

Marekebisho ya 2025

FIA ilirudi nyuma nusu njia. Kuanzia 2025 alama za mshindi zilirudishwa 25, zikihesabiwa mwisho wa mashindano, lakini wa pili akashushwa kutoka 18 hadi 17. Jumapili ikabaki na alama zake, zikapunguzwa ziwe 5, 4, 3, 2 na 1. Power Stage haikuguswa. Kiwango cha juu kikapanda hadi 35.

Turudi kwa madereva wetu wawili. Sasa mshindi anayechunga gari Jumapili anapata 25, na yule wa mkiani mwenye kasi anapata 10, sawa na zawadi ya nafasi ya tano. Tofauti imekuwa 15. Ushindi umerudishiwa heshima, ingawa si yote.

Na hapa ndipo Ogier alipopita. Alishinda mashindano 6 mwaka huo, Evans akashinda 2. Orodha inayompa mshindi 25 na wa pili 17, na kumruhusu mwenye kasi kuongeza hadi 10 Jumapili, inamfaa mtu anayekuja mara chache lakini anakuja kushinda. Evans alimaliza karibu kila mahali, akiongeza alama wiki baada ya wiki, na alifika Saudi Arabia akiwa mbele kwa alama 3.

Kuna jambo jingine ambalo orodha ya alama haionyeshi. Anayeongoza msimamo wa ubingwa ndiye anayetangulia barabarani Ijumaa. Katika barabara za changarawe gari la kwanza hufagia mawe madogo na mchanga, na wanaofuata wanakuta njia ngumu yenye kushika matairi. Evans alifagia sehemu kubwa ya msimu. Ogier, akiwa amekosa mashindano kadhaa, mara nyingi alianza nyuma na kukuta njia imesafishwa. Sheria hiyo imewekwa makusudi ili anayeongoza asikimbie mbali sana na wenzake, na kwa Evans ilifanya kazi kama ilivyokusudiwa.

Kwa hiyo, alionewa? Sisi hatuoni hivyo. Mtu mwenye ushindi 6 kumpita mwenye ushindi 2 kwa alama 4, tena baada ya kukosa mashindano matatu, si dhuluma. Kama ingekuwa kinyume chake, tungekuwa na makala tofauti. Lakini tunaelewa kwa nini waliomshangilia Evans Naivasha waliona uchungu.

Langalanga ilipitia njia hiyo hiyo

Mbio za langalanga, yaani Formula 1, zina mfano ulio wazi zaidi kuliko wote, na hesabu yake tumeifanya upya mbio baada ya mbio.

Mwaka 2002 Mjerumani Michael Schumacher alitangazwa bingwa mwezi Julai, mbio 6 zikiwa bado. Watazamaji walichoka. Mwaka uliofuata alama zikabadilishwa: mshindi alibaki na 10, lakini wa pili akapandishwa kutoka 6 hadi 8, na waliopata alama wakaongezwa kutoka sita hadi wanane. Nia ilikuwa kumpunguzia mshindi nafasi ya kukimbia peke yake.

Ikafanikiwa kupita kiasi. Mwaka 2003 Schumacher alishinda mbio 6, Kimi Räikkönen wa Finland akashinda 1 tu, na bado walikwenda Japani kwa mbio za mwisho wakitenganishwa na alama 9. Schumacher alitwaa ubingwa kwa 93 dhidi ya 91. Ukichukua matokeo yale yale na kuyapa alama za 2002, Schumacher angemaliza na 77 na Räikkönen 67, na ubingwa ungekuwa umeamuliwa kabla ya ndege kuondoka kwenda Japani. Bila shaka wangeendesha tofauti kama bei ingekuwa tofauti, kwa hiyo hesabu hiyo ina mipaka yake. Lakini inaonyesha kwamba ushindani ule wa dakika ya mwisho ulitoka kwa sehemu kubwa kwenye karatasi.

Mwaka 2010 pengo kati ya wa kwanza na wa pili lilipanuliwa tena, ikawa 25 kwa 18.

Kuna majaribio mengine yaliyokwenda vibaya zaidi. Mwaka 2014 mbio za mwisho, Abu Dhabi, zilipewa alama maradufu. Lewis Hamilton alifika huko akimtangulia Nico Rosberg kwa alama 17. Kwa alama za kawaida, Rosberg akishinda, Hamilton angehitaji nafasi ya sita tu. Kwa alama maradufu alihitaji ya pili. Kazi ya mwaka mzima iliwekwa rehani kwa jioni moja. Hamilton alishinda mbio hizo na kuzima ubishi, lakini kanuni ilitupwa baada ya mwaka huo mmoja.

Halafu kuna ile alama 1 ya mzunguko wa kasi zaidi, iliyorudishwa mwaka 2019 kwa sharti kwamba dereva amalize ndani ya kumi bora. Singapore, mwaka 2024, Daniel Ricciardo alikuwa nyuma kabisa bila matumaini yoyote. Akabadilishiwa matairi na kuweka mzunguko wa kasi zaidi. Yeye mwenyewe hakupata kitu, lakini alimnyang'anya alama hiyo Lando Norris, aliyekuwa akimfukuza Max Verstappen kwenye ubingwa. Timu ya Ricciardo na ya Verstappen zina mmiliki mmoja. Kuanzia 2025 alama hiyo imefutwa.

Ambacho alama haziwezi kufanya

Katika hayo yote kuna jambo moja ambalo wanaotunga sheria hawapendi kulisema kwa sauti. Alama zinaweza kuhamisha vita kutoka Jumamosi kwenda Jumapili, na zinaweza kuchelewesha kutangazwa kwa bingwa. Haziwezi kulifanya gari la polepole likimbie.

Mwaka 2025, pamoja na marekebisho yote, madereva wa Toyota walishinda mashindano 12 kati ya 14, na Hyundai 2. Tangu Safari irudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021 hadi 2025, kila mshindi aliendesha Toyota. Madereva wawili waliotenganishwa na alama 4, Ogier na Evans, walikuwa wanatumia gari la aina moja na mafundi wa kambi moja. Orodha ya alama ilituletea mapambano makali ndani ya nyumba moja.

Ndiyo maana kanuni za magari zinazoanza 2027 zina uzito kuliko mabadiliko yote ya alama tuliyoyaeleza. FIA imeweka kikomo cha bei ya gari kisichozidi euro 345,000, ikitaka watengenezaji wengine waone kuna maana ya kuingia.

Kwa sasa, Jumapili ya Safari ikifika, ukisikia matokeo ya Jumamosi jioni kwenye redio, uliza kwanza pengo kati ya wa kwanza na wa pili. Likiwa chini ya sekunde 10, watapigana hadi mkondo wa mwisho. Likizidi dakika moja, aliye mbele atachunga gari lake, na vita vitakuwa huko nyuma kwa madereva walioharibikiwa Ijumaa. Hao wana alama 10 za kuokota na hawana cha kupoteza. Kama uko kando ya barabara, simama mbali na kona wanapopita.